Mjumbe Mmoja Hakula

Florence Lamwaka alipoteuliwa kuingia kwenye bodi, mtu wa kwanza kumwambia akatae ni mimi. Hakunisikiliza. Simlaumu. Barua ilikuwa na muhuri, na jina lake lilikuwa limeandikwa bila kosa. Kwa mtu wa Namuwongo, mtaa wa mabanda bondeni Kampala, hilo si jambo la kila siku.

Mimi naitwa Okwera. Niliacha shule darasa la tano, baba alipohamishwa kambi na hakuna aliyekumbuka kunitafutia shule nyingine. Nilikuwa askari miaka kumi na sita, kisha nikawa dereva. Wakati wa mambo haya nilikuwa namwendesha mwenyekiti wa Bodi ya Mifereji. Ofisi ilikuwa Nakasero, ghorofa ya tatu, juu kidogo ya soko. Marehemu mume wa Lamwaka alikuwa koplo, tulilala handaki moja, kwa hiyo mke wake namwita shemeji. Anauza mukene, wale dagaa wadogo wakavu, chini ya reli, hatua chache kutoka mfereji mkubwa.

Sababu ya kumwambia akatae niliipata garini. Watu wakubwa husahau kwamba kisogo cha dereva kina masikio. Ulikuwa umetoka waraka mpya: kila bodi ya umma iwe na wanawake, iwe na watu wa pande zote za nchi, na wanaoguswa na kazi ya bodi nao wapate kiti. Bodi yetu ilikuwa na wajumbe watano na mwenyekiti, wote wanaume, na wanne kati yao walisoma shule moja. Mwenyekiti, Mhandisi Opoka, alikuwa anaongea kwenye simu kiti cha nyuma.

"Nitafutie mmoja tu anayeziba matundu matatu," alisema. "Mwanamke, mtu wa kaskazini, mkaazi wa bondeni. Na asiwe msemaji."

Opoka mwenyewe ni mtu wa kaskazini. Hilo liliwachanganya wengi. Alikuwa akipenda kusema kwamba yeye alifika pale kwa kusoma, hakuna aliyemtengea kiti, na alisema kweli. Lakini aliondoka kwao akiwa na miaka saba, na nyumba yake iko mlimani, maji hayapandi huko.

Jambo lililokuwa mezani ni ukuta wa zege. Upande mmoja wa mfereji kuna maghala, upande wa pili kuna watu. Ukuta ulipangwa kujengwa upande wa maghala tu. Sihitaji darasa la sita kujua maji yakizuiwa huku yataingia wapi. Nyumba kama mia nne, na ya shemeji ni ya tatu kutoka ukingoni. Kilichowasumbua wenye ukuta ni kifungu kimoja cha waraka: kazi inayogusa makazi ya watu haipiti kama mjumbe wa makazi hayo amesema hapana. Akisema ndiyo, inapita. Akinyamaza, anahesabiwa amekubali.

Walitaka mtu wa kunyamaza. Shemeji wangu si wa kunyamaza, ila hawakumjua. Waliona karatasi yake: mjane, muuza samaki, darasa la saba.

Katika kikao cha kwanza walizungumza Kiingereza saa mbili mfululizo, na yeye akakaa kama mtu aliyeingia kanisa la wengine. Kisha akainua mkono akaomba kusema Kiswahili. Mjumbe mmoja, wakili mnene, akawageukia wenzake.

"Jamani toeni vitambulisho, tumefika kwenye kizuizi cha askari."

Wakacheka. Kampala ndivyo ilivyo. Kwa wengi Kiswahili ni lugha ya bunduki, na wazee wanakumbuka kilivyosemwa wao wakiwa wamelala kifudifudi. Kwetu sisi wa kambini ni lugha ya kuombea chumvi kwa jirani.

Opoka hakucheka. Alisema bodi yake ina nafasi ya kila mtu, na kwamba Okwera atatafsiri. Nikaitwa kutoka kwenye gari, nikapewa kiti nyuma ya shemeji. Kiingereza changu ni cha barabarani lakini kinafika. Waraka ulisema pia kwamba mjumbe akisema Kiswahili, maneno yake yaandikwe hivyo hivyo kwenye kumbukumbu za kikao. Kazi hiyo ilikuwa ya katibu, Nantume, binti Mganda, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuona. Kwao herufi r na l hupokezana kama askari wa zamu. Mimi mwenyewe nilikuwa Okwela katika daftari lake mara nyingi. Sikujali. Nani anajali jina la dereva?

Baada ya kikao Opoka alimfuata shemeji kwenye korido, akamsemesha Kiacholi, lugha ya kwao kaskazini, taratibu, akamwita mama, akamwambia sasa watu wa kaskazini ni wawili mezani na washikamane. Shemeji aliniambia baadaye kwamba Kiacholi chake kilikuwa kizuri, lakini wakati wote mwenyekiti alikuwa akimtazama yeye viatu.

Wiki mbili kabla ya kura, watu wenye kopo la rangi walipita bondeni wakaandika namba nyekundu kwenye milango. Waliulizwa ni za nini, wakasema wanahesabu tu. Kura ilikuwa bado, na tayari walikuwa wanahesabu.

Opoka alikuwa na njia yake ya kuendesha kura. Aliiweka saa saba kamili, wakati Mama Hortense, Mkongomani anayetupikia, anaingia na masufuria. Watu waliokaa tangu asubuhi wakisikia harufu ya mchuzi wa karanga hawabishani. Wanasema ndiyo, wananawa mikono. Nimeona mambo makubwa ya mji huu yakipita hivyo.

Alhamisi ile wajumbe watano walisema ndiyo mmoja baada ya mwingine, bila kuinua vichwa. Hortense alikuwa tayari ndani, ameshika sufuria ya wali. Shemeji akasimama, ingawa hakuna aliyesimama kabla yake.

"Kura yangu ni hapana."

Nikatafsiri. Nikasikia kifuniko cha sufuria kikicheza. Opoka akasema asante, akatukaribisha mezani. Shemeji hakugusa sahani. Alininong'oneza kwamba hawezi kula na watu waliotoka kumpimia jeneza. Akashuka ngazi, akapanda boda, akaenda kuanua mukene wake kabla ya mvua.

Tulidhani tumemaliza. Ukuta umekufa.

Wiki iliyofuata Mama Hortense alinikuta nikiosha gari, akasimama mbele yangu na mikono kiunoni.

"Papa Okwera, ule mama wa Namuwongo, chakula yangu ilimufanya nini? Alikataa, sawa. Lakini kwa nini waandike mu kitabu?"

Nikamuuliza kitabu gani. Akasema aliyemwambia ni wakili mnene, na alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Nikapanda juu. Nantume hakuwepo, daftari lilikuwa wazi. Mimi nasoma polepole, na kidole, kwa hiyo nilisoma mara tatu. Mstari wenyewe ulisema hivi: Mjumbe Lamwaka, kula yangu ni hapana. Na chini, kwa Kiingereza, muhtasari wa mwenyekiti: waliokubali ukuta ni watano, aliyekataa hakuna, mjumbe mmoja hakula.

Nilikaa kwenye ngazi. Nikiri kwamba nilicheka. Halafu nikakumbuka kifungu cha kunyamaza, nikarudi juu kumsubiri Nantume.

Nantume aliporudi nikamwonyesha. Uso wake ukabadilika. Akasema aliandika alichosikia, na aliposoma tena jioni ile ile aliona kosa, akampelekea mwenyekiti ili afute.

"Akasema nini?"

"Alisoma mara mbili, ssebo. Akatabasamu. Akasema, iache hivyo hivyo, ni maneno yake mwenyewe."

Nikamwambia basi afute sasa. Akanitazama kama mtu anayetazama basi ambalo limeshaondoka. Akasema kumbukumbu zimeshachapwa, kila mjumbe anayo nakala, zitathibitishwa kikao kijacho, na niondoke mezani kwake kabla hatujaonekana pamoja.

Shemeji nilimpelekea nakala yake Namuwongo. Alisoma akiwa amesimama mlangoni, pembeni ya namba tatu nyekundu. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kuna mtu mezani ambaye hakumwelewa siku ile. Nikasema hakuna, nilitafsiri mwenyewe, wote walielewa.

"Kwa hiyo wanajua," alisema.

"Wanajua wote."

Akakunja karatasi ndogo, ndogo zaidi, akaitia kifuani. Nilitamani akasirike. Mtu aliyekasirika ninajua nimwambie nini.

Siku tatu baadaye tulikwama kwenye msongamano, mimi na Opoka, mvua inapiga kioo. Aliniuliza kama kile chumba nilichopewa na bodi nyuma ya ofisi kinavuja.

"Hakivuji, mzee."

"Vizuri. Wengi wa umri wako wanavujiwa."

Akafuta miwani yake. Halafu akanipitishia karatasi begani. Ilikuwa imeandikwa kwa niaba yangu. Ilisema mimi, mkalimani, nilisikia mjumbe akikataa chakula, na ndicho nilichotafsiri. Opoka alieleza bila haraka, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. Chakula kilikuwa mlangoni, au siyo? Mama hakula, au siyo? Mimi nilitafsiri hapana, na hapana ni hapana. Hakuna uongo hata mmoja hapo, nitie sahihi tu. Kisha akauliza, sauti ile ile, kama ni kweli yule mama anaishi peke yake. Nikasema ana mwanawe, Oola, yuko Juba.

"Kwa hiyo peke yake," alisema.

Nikamwambia karatasi nitaisoma kwanza, na kwamba mimi nasoma polepole. Ni kweli, na ni mara ya kwanza jambo hilo kunisaidia. Hakunisukuma. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mtu anayehitaji kitu hukusukuma. Huyu alikuwa kama ameniuliza kwa adabu tu.

Kikao cha kuthibitisha kumbukumbu kilikuwa Alhamisi. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu haina sahihi. Opoka akauliza kama kuna marekebisho. Nilisimama.

"Mimi nilikuwa nyuma yake," nilisema. "Alisema kura. Kuhusu chakula hakuna aliyemuuliza."

Wakili mnene akaanza kuguna. Shemeji akasimama naye.

"Mimi nimezaliwa kambini. Kura na kula nazijua zote mbili. Moja mmeninyang'anya, nyingine sikuitaka."

Nantume hakuulizwa, lakini alisema mwenyewe, macho chini, kwamba kosa ni la kalamu yake na anaomba radhi. Nilimheshimu sana binti yule dakika ile. Opoka akatazama meza nzima, akaitikia kwa kichwa.

"Isahihishwe," alisema.

Ikasahihishwa. Nantume alikata l akaweka r juu yake, akaandika herufi za jina lake pembeni. Shemeji aligeuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe nikaona meno yake ya nyuma. Furaha hiyo ilidumu muda wa kumimina chai.

Opoka akafungua faili akatoa barua. Alinishukuru mimi kwanza. Alisema Okwera ameisaidia bodi kuona tatizo ambalo yeye mwenyewe hakutaka kulisema, kwa heshima ya mama. Tatizo ni kwamba mjumbe huyu akisema hiki kinaandikwa kile, na sasa mkalimani na katibu wote wawili wamekiri mbele ya watu. Kura iliyopita tutajuaje? Na ya kabla yake?

"Mjumbe ambaye maneno yake hayaandikiki," alisema, "kura yake haihesabiki."

Barua ilitoka juu. Ilimshukuru Bi Lamwaka kwa mchango wake katika usawa, ikasema kiti chake kitajazwa na mtu mwenye sifa zile zile anayeweza kufuata shughuli za bodi bila msaada. Suala la ukuta litapigiwa kura upya mbele ya mjumbe huyo. Nakala ilizungushwa. Ilipofika kwangu nilisoma na kidole, kama kawaida yangu, tangu juu kabisa. Tarehe ilikuwa ya Jumatatu.

Siku tatu kabla sijafungua mdomo.

Ndipo nikaelewa ile adabu ya garini. Ningetia sahihi, ukuta unapita kwa sababu alinyamaza. Nimekataa, ukuta unapita kwa sababu haandikiki. Alikuwa na milango miwili, na alitaka tu kujua mimi nitapitia upi.

Shemeji alikusanya kalamu yake na kile kibao cha plastiki chenye jina lake. Wakili akamwambia kibao ni mali ya ofisi. Akakirudisha mezani, taratibu, kikiwa kimeelekea kwao.

Aliyekuja baada yake anaitwa Bi Akullo. Sitamsema vibaya. Ni mwanamke, ni wa kaskazini, ana kiwanja Namuwongo ingawa analala Kasubi, na Kiingereza chake ni maji. Alinisalimia mimi kwa mkono. Kura yake ya kwanza ilikuwa saa saba, harufu ya mchuzi mlangoni, akasema ndiyo kama wenzake. Kwenye ripoti ya mwaka waliweka picha yake, na maneno chini kwamba bodi yetu ni mfano wa kuigwa.

Mimi nilihamishwa wiki hiyo hiyo. Sikufukuzwa, Opoka si mjinga. Nilipelekwa kulinda stoo ya saruji kwenye ujenzi wa ukuta, bondeni kabisa, ng'ambo ya nyumba ya shemeji. Chumba changu akapewa dereva mpya.

Ukuta ulipanda haraka. Ulipofika kiunoni ilinyesha mvua ya mchana, si kubwa, na maji yaliyokuwa yakipita kimya tangu nilipoujua mfereji ule yalianza kutoa sauti kama mtu anayesafisha koo. Yalipungua baada ya saa moja. Yaliacha mstari wa tope kwenye mlango wa shemeji, chini ya kitasa. Ukuta ulikuwa bado haujafika nusu.

Shemeji hakuhama. Alinunua daftari la shule, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Aliandika mwenyewe, kwa Kiswahili, mambo yote ya Alhamisi ile: nani alisema nini, saa ngapi, nani alikuwa ameshika sufuria. Aliandika tarehe ya ile barua. Chini aliacha mistari, kila mwenye nyumba akaweka jina na dole gumba. Alisema atalipeleka kortini, na kama korti haitaki, atalipeleka kwa watu wa redio. Alinijia stooni nikaandika jina langu, refu, lote, pamoja na namba yangu ya jeshi. Mama Hortense naye alishuka kutoka Nakasero na aproni yake. Majina yalifika mia mbili na kitu.

Nilimwambia shemeji asilale na daftari hilo nyumbani. Akaniuliza alipeleke wapi, kwa nani.

Jana, saa kumi hivi, alikuja mtu stooni. Shati safi, viatu safi, na bondeni huwezi kufika na viatu safi ila umeletwa na gari mpaka karibu. Mawingu yalikuwa yameshuka upande wa ziwa. Alinisalimia Kiswahili cha kambini, kizuri, kama ndugu. Alisimama akatazama ukuta, akausifu. Kisha akauliza.

"Yule mama mwenye daftari, nyumba yake ni ipi?"

Nikamwambia simjui. Nilisema mama wako wengi hapa, na wengi wana watoto wa shule, madaftari yako kila nyumba.

Akacheka kidogo, akanigusa bega.

"Hakuna neno, afande. Nauliza tu kujua nani angesema."

Akateremka. Hakumuuliza mtu mwingine. Alivuka ubao wa mfereji, akapita nyumba ya kwanza, akapita ya pili, na tone la kwanza la mvua likapiga bati la stoo juu ya kichwa changu. Kufuli ilikuwa mkononi. Sikufunga. Nilishika njia ya reli kwa sababu ndiyo fupi kufika kwa shemeji, nikakimbia, na ni miaka mingi sijakimbia.